Bwana Stoo Apokea Mzigo

Tarehe 9 Februari

Mdogo wangu Mkate,

Habari za huko mbele ya tanuri? Sisi hatujambo. Baba hajambo, anakula, analala. Jirani wa nyuma amejifungua pacha, wanalia kwa zamu ili tusikose kelele. Nyumba iko vilevile ulivyoiacha, ila bomba la jikoni limeanza tena kudondosha maji, na mimi nimeanza tena kulizoea.

Nakuandikia kwa sababu ya simu ya juzi. Mimi na wewe kwenye simu hatuwezani. Wewe unadakia, mimi napaza sauti, halafu mmoja anakata na mwingine anabaki akisemezana na ukuta. Tena Baba alikuwa kakaa pembeni yangu, kasikia upande wangu wote. Ulipokata akaniuliza, "Nani huyo anataka kunihamisha?" Nikamwambia ni watu wa kampuni ya simu. Kwa hiyo kuanzia leo mambo ya Baba tutaandikiana. Kwenye karatasi huwezi kunikatiza, na yeye hawezi kusikia.

Sasa nisikilize mpaka mwisho. Kazi yangu ya video za harusi ipo na wateja wapo. Tatizo ni kompyuta. Nikishamaliza kukata na kuunga picha, inabidi niiache kompyuta iipike video yote iwe kitu kimoja, sisi wa kazi hii tunaita kurenda. Hapo ndipo inapochemka. Feni inaunguruma kama mashine ya kusaga, Baba anakimbia sebule yake mwenyewe, halafu keki ikiwa ndiyo kwanza inakatwa, kioo kinakuwa cheusi. Naanza upya. Bibi harusi mmoja alinifuata hapa mlangoni akaniuliza kama nataka ndoa yake ivunjike kabla hajaiona. Nilicheka, yeye hakucheka.

Fundi wa kompyuta anasema feni iliyomo imezidiwa, kinatakiwa kipoza cha maji. Hicho kipoza sikuombi, nimekitaja tu. Ninachotaka ujue ni hiki: kazi ya nyumbani ikifa, itabidi niende kwa yule mwenye studio ya mjini, asubuhi kutoka, jioni kurudi. Na Baba atabaki na nani? Jibu lako nalijua, umelipigia kelele juzi: "Mlete kwangu, chumba cha wageni kipo." Mdogo wangu, tangu Mama afariki Baba hajalala nje ya nyumba hii. Mimi simtoi.

Nikuachie cha kucheka. Jana kachukua vijiko vyote, kavifunga nailoni kimoja kimoja, kavirudisha kabatini. Nilipotaka kukoroga chai ilibidi niombe. Miaka yote ile ya kutunza stoo ya hospitali haijamtoka mwilini. Bwana Stoo ni Bwana Stoo hata akistaafu.

Ni mimi, dada yako


Tarehe 27 Februari

Dada,

Shikamoo, na nyingine nampa Baba kupitia kwako. Barua yako imefika ikiwa na doa la chai, nikajua kijiko kilipatikana. Mimi mzima. Mkono wa kulia uliungua kidogo kwenye trei, umeshapona. Samahani kwa mwandiko, naandikia gotini, meza imejaa mashati ya mwenzangu.

Hilo la vijiko limenichekesha mpaka tajiri wa bekari akaja kuuliza kuna nini. Nikamsimulia nyumba tuliyokulia. Nikamwambia kwetu friji lilikuwa na nailoni, saa ya ukutani ilikuwa na nailoni, na rimoti ilivaa nailoni mbili, ya kiwandani na ya Baba. Nikamwambia habari za makochi, jinsi mgeni akikaa na jasho halafu akiinuka, kochi linatoa ule mlio, na sote tunaangalia dari. Unakumbuka Baba alivyokuwa akisema? "Kitu kikishavuliwa nailoni, huo ni mtumba." Tajiri kasema sasa anaelewa kwa nini mimi nafunga mikate vizuri kuliko wenzangu.

Dada, usianze kupiga kelele: kipoza nimekinunua. Usiniulize nimekipataje. Nimekipakia kwenye basi la vifurushi kwa jina la Baba, maana wewe ungekirudisha. Muuzaji kanieleza kinavyofanya kazi, nami nikaelewa kwa sababu maisha yangu ni joto tu. Anasema ni rejeta ya gari, ila ndogo. Maji yanapita juu ya ubongo wa kompyuta, yanachota joto, yanalipeleka kwenye rejeta, na feni zinalipuliza nje. Yamefungiwa humohumo kiwandani, hayamwagiki, huongezi. Nikamuuliza kama kipo cha kufunga mgongoni mwa mwoka mikate. Anasema bado.

Nina sharti moja. Siku ya kufungua boksi uniandikie yote, usiruke hata skrubu. Nataka nikae hapa nione.

Kuhusu chumba, sibishani tena. Nimekipaka rangi, kipo tu, siku mkitaka. Na mimi mwenyewe mwezi wa nne nakuja, tajiri akiniachia.

Mdogo wako


Tarehe 21 Machi

Mdogo wangu Mkate,

Sina la kukulipa. Nilitaka kukugombeza nikashindwa, na sababu ni hii ninayokwenda kukusimulia. Tumeamka salama, pacha wamepata majina, bomba sasa linamwaga. Haya, kaa uone.

Mzigo ulifika asubuhi. Mleta mzigo alisimama mlangoni akaita jina kamili la Baba. Mdogo wangu, Baba hajaitwa jina lake kamili hapa nyumbani tangu astaafu. Alikuwa kajilaza kwenye kochi. Akainuka, akanyoosha kola, akamwambia yule mtu asubiri. Akaingia chumbani, akatoka amevaa shati la kazini, lile la kaki lenye mifuko miwili. Mleta mzigo anataka kuondoka ana vifurushi vingine, Baba anamwambia, "Mzigo haupokelewi kwa haraka, kijana. Ukipokelewa kwa haraka unapokelewa vibaya." Akaligeuza boksi pande zote, akabonyeza kona moja moja, akapitisha kidole kwenye gundi kuona kama limefunguliwa njiani. Ndipo akasema, "Umefika salama. Unaweza kwenda." Yule bwana alimpa heshima kabisa. Mimi nimesimama na ufagio wangu, machozi yananilengalenga, sijui hata kwa nini.

Nilikuja na kisu, akaninyang'anya. "Boksi halichanwi, linafunguliwa." Akaipasha gundi moto kwa pumzi yake, haa, haa, akaibandua taratibu bila kuacha hata alama. Ndani kuna trei ya karatasi ngumu kama ya mayai, na kila kitu kimelala kwenye shimo lake. Baba aliitazama ile trei akasema, "Hawa wanajua kazi."

Tukaanza kutoa. Mimi natoa, yeye anapokea na kupanga mezani. Kwanza rejeta yenyewe, nyeusi, nyembamba, ndefu kama rula moja, ina matundu madogo mpaka unaogopa kuishika. Kutoka kwenye rejeta inatoka mipira miwili iliyovishwa kitambaa cha kusukwa, inakwenda mpaka kwenye kichwa cha duara, mle ndani ndimo ilimo pampu. Ukikigeuza kichwa, chini kuna shaba inayong'aa, unajiona pua. Halafu feni mbili. Halafu vifuko vya skrubu, vyuma vya kushikizia, sindano ndogo ya dawa ya kijivu kama ya meno, na kitabu cha maelezo kwa lugha za dunia nzima isipokuwa yetu. Kulikuwa na kale kapakiti ka punje punje, Baba akakaweka mfukoni. "Hii ya unyevu. Hailiwi."

Nikamweleza kwamba ndani kuna maji. Akanitazama. "Maji kwenye umeme? Nani kakuruhusu?" Nikamwambia yamefungiwa. Akaiweka rejeta sikioni akaitikisa. "Yamo," akasema, akaridhika.

Kufunga hakukuwa kazi ndogo. Nilitoa feni ya zamani, ilikuwa na vumbi la kujaza mto. Nikafuta ubongo wa kompyuta mpaka ukang'aa. Rejeta nikaifunga juu ya kasha kwa ndani, na feni zake chini yake, skrubu zote zimeingia isipokuwa moja ambayo Baba anasema ni akiba. Ile shaba ilikuwa na nailoni nyembamba juu yake, nikaibandua nikaiweka mezani. Nikaenda chumbani kutafuta bisibisi ndogo, na wewe unajua vitu vyangu vilivyo, nikachukua muda. Niliporudi nikapaka dawa ya kijivu kwenye ubongo, Baba akanikabidhi kichwa kwa mikono miwili kama anakabidhi mtoto, nikakibandika, nikakaza.

Nikawasha. Nikadhani haijawaka. Kimya, Mdogo wangu! Zile ngurumo zote hakuna, ni kamlio tu, kama mtu anapuliza uji mbali. Baba akarudi kukaa sebuleni pake. Akaniuliza maswali yote mazuri: imetoka wapi, nani kaileta, itadumu miaka mingapi. Siku nzima ile alikuwa mzima. Yaani alikuwa Baba.

Video ya kwanza naipika kesho. Nitakuambia.

Dada yako


Tarehe 15 Aprili

Dada,

Shikamoo. Natumaini Baba hajambo, na pacha, na bomba. Barua yako nimeisoma mpaka imekatika kwenye mkunjo. Hiyo ya "haa, haa" nimemwigizia kila mtu hapa, sasa wakifungua gunia la unga wote wanalipulizia kwanza.

Lakini uliandika kesho. Mwezi unakatika, hujaniambia video ilikwenda vipi. Nakufahamu. Ukifanikiwa unaandika kurasa nne na kujisifu, ukikwama unakuwa bubu. Kwa hiyo nimehesabu kwamba haifanyi kazi, nikapandwa na hasira, nikaenda kwa muuzaji kumwambia kaniuzia feki. Nilimsema mbele ya wateja wake. Ni mtu mpole, kaniacha nikamaliza, halafu kaniuliza swali moja tu: "Ile nailoni ya kwenye shaba mliibandua?" Anasema ikibaki pale joto halipiti, maji yanazunguka bure, na kompyuta inachemka kuliko mwanzo.

Nikamcheka. Nikamwambia, ndugu, dada yangu huyo hasahau nailoni, na kaniandikia kwa mkono wake kwamba kaibandua. Hata hivyo kasema mfungue mwangalie. Basi fungua uangalie, tumtoe wasiwasi, kisha nirudi nimpasue kichwa.

Mwezi wa nne ndiyo huu, na sijaja. Tajiri kapata oda ya shule, hataki mtu atoke. Usikasirike. Naacha hapa, mwenzangu anataka kuzima taa alale, na akilala anakoroma mpaka dirisha linatikisika.

Mdogo wako


Tarehe 6 Juni

Mdogo wangu,

Sisi wazima. Baba hajambo.

Nisamehe kwa kukawia. Video ya kwanza ilizimika, ya pili ikazimika, na nilinyamaza kwa sababu sikutaka ujue zawadi yako haijasaidia. Barua yako ilipofika nikakiacha kipoza hivyo hivyo, nikijua haiwezekani nailoni iwemo. Mwisho nikafungua. Nailoni ilikuwepo. Ilikuwa imekaa vizuri kwenye shaba, na dawa ya kijivu imetandazwa juu yake kama siagi.

Ni mimi. Niliandika kwamba niliibandua lakini nilichanganya, sikuibandua, nilisahau. Msamehe muuzaji, na umwombe radhi mbele ya wateja walewale.

Nimeitoa, nimefuta, fundi kanipa dawa nyingine nimepaka. Sasa inapika harusi nzima na ukiigusa haina moto. Yule bibi harusi kachukua video yake, kalia mlangoni kwangu kwa furaha. Kwa hiyo kazi ya nyumbani ipo, studio siendi, na Baba haendi popote. Hilo ndilo tulilokuwa tunalitaka. Yaliyobaki usiulize.

Dada yako


Tarehe 23 Juni

Dada,

Shikamoo. Nimefurahi kompyuta imepoa. Muuzaji nimemwomba radhi, kanipa soda, tumekuwa marafiki.

Sasa naomba usome hii ukiwa umekaa.

Wewe usahau nailoni? Wewe? Ni nani alichukua wembe wa Baba akachana nailoni za makochi yote, kwa sababu zilikuwa zinamng'ang'ania mapajani, akazikunja akazificha chini ya kitanda changu ili nipigwe mimi? Nikapigwa kweli! Ni nani alibandua ya friji, ya saa, ya mizani ya Mama? Kila kitu kipya kilichoingia nyumba ile, wewe ulikivua nguo siku hiyohiyo, na Baba alikuwa anakuita Mchuna Ngozi. Mtu akiniambia dada yako kasahau jina lake nitafikiri kidogo. Nailoni, hapana.

Nimeirudia barua yako ya Machi. Umeandika uliibandua ukaiweka mezani. Mtu akisahau kitu hawezi kuandika alikiweka wapi. Halafu ukaenda kutafuta bisibisi, ukachukua muda. Halafu Baba akakukabidhi kichwa kwa mikono miwili.

Na kingine. Barua zako zote kuna kichekesho cha Bwana Stoo. Hii ya mwisho umeandika "Baba hajambo", ukaweka nukta. Nilikuwa navicheka vile vijiko, Dada. Sasa nikivikumbuka sicheki.

Nani aliirudisha nailoni? Kama hali ni hiyo ninayoiogopa, niambie. Chumba kipo.

Mdogo wako


Tarehe 11 Julai

Mdogo wangu,

Habari za kazi. Kwetu pacha wameanza kukaa, na bomba nimeita mtu kalitengeneza, basi hayo ya nyumbani yameisha, niingie kwenye lenyewe.

Ni Baba aliyeirudisha. Nilipofungua nikaiona, nilijua pale pale. Ilikuwa imenyooshwa pembe zote nne, haina hata povu la hewa, na ni nani mwingine duniani anaweza kurudisha nailoni hivyo? Nilimwonyesha. Nikamuuliza kwa upole. Akaniambia, "Mzigo si wetu, tunautunza tu. Mwenyewe akija aukute mpya." Nikamuuliza mwenyewe ni nani. Hakujua. Akanitazama kama mimi ndiye niliyeulizwa.

Sikukuambia kwa sababu ungesema, "Si nilikwambia?" Na kwa sababu siku ile ya boksi ilikuwa siku yake nzuri kuliko zote, sikutaka iwe ndiyo siku ya ushahidi dhidi yake. Nikaona bora uniite mimi mzembe.

Haikuanza na vijiko. Ilianza zamani kidogo, nikawa naigeuza utani ili iandikike. Siku hizi anafunga kila kitu. Kandambili zangu, sabuni, picha ya Mama. Wiki iliyopita nilikuwa nimeziba masikio napanga muziki wa harusi, nikigeuka kiti chake kitupu. Alikuwa kavaa shati la kaki, kaenda kwa miguu mpaka hospitali kufungua stoo. Namshukuru mlinzi wa geti, anamkumbuka. Kamkalisha kivulini, kamwambia funguo zinaletwa, kanipigia simu. Nilimkuta anangoja funguo, hana hasira hata kidogo. Nilimshika mkono tukarudi, na njia nzima akawa ananiambia nisiwe na wasiwasi, atanitetea kwa mganga mkuu.

Kompyuta ikiwa kimya sasa anakaa nami tangu asubuhi. Anaangalia harusi za watu kwenye kioo. Anawaamkia wageni wanapoingia ukumbini. Ni raha, usidhani ni msiba kila saa. Lakini nikiangalia kioo simwoni yeye, na nikimwangalia yeye kazi inalala. Nilidhani nikipata kazi ya kunikalisha nyumbani nimemaliza. Sijamaliza. Mdogo wangu, siwezi peke yangu. Nimeliandika, sasa limeshakuwa kweli.

Anakuulizia. Jina lako halikumbuki. Anasema, "Yule mtoto aliyekuwa analala na mkate mkononi, keshatoka shule?" Namwambia bado, yuko njiani.

Sasa na mimi nikutolee uvivu. Chumba cha wageni hakipo. Mtu mwenye vyumba viwili haandikii gotini kwa sababu ya mashati ya mwenzake, wala hazimiwi taa na mkoromaji. Nilijua tangu Aprili, nikakuacha. Baba angekuja kweli ungemlaza wapi, kwenye magunia ya unga? Sijakasirika. Ulikuwa unanipa kitu usichokuwa nacho, na mimi nilikuwa nakuficha kitu nilichonacho. Sitaki chumba chako, wala sitaki kifurushi kingine.

Dada yako


Tarehe 2 Agosti

Dada,

Shikamoo.

Kuhusu chumba umeshaniandikia yote.

Mwezi wa nne sikuja kwa sababu ya oda ya shule. Hiyo ni nusu. Nusu nyingine niliogopa kufika mlangoni Baba akaniuliza nimeleta mzigo gani. Nilidhani nikituma boksi litatangulia kwa niaba yangu. Nilipoisoma barua yako ya Machi, mleta mzigo alivyoitikiwa, alivyovaliwa shati la kazini, niliona wivu, Dada. Nilimwonea wivu mtu wa vifurushi.

Nimemrudishia tajiri aproni. Kanuna, halafu kaniandikia barua ya sifa nzuri, halafu kanuna tena. Ile bekari ya karibu na kwetu, ya yule mama mnene, inatafuta mtu wa kukanda alfajiri. Nimempigia, anasema nije. Nitakuwa natoka kazini wewe ndiyo unawasha kompyuta. Asubuhi mpaka mchana Baba atakuwa wangu. Akitaka kwenda kufungua stoo, tutakwenda wote, tutakaa pale kivulini na mlinzi tungoje funguo, tutarudi. Wewe utapika harusi zako na masikio yako yote mawili.

Kwa kulala usihangaike. Sebule inanitosha.

Akiniuliza mimi ni nani, usimnong'oneze na usinionee aibu. Nitamwambia mwenyewe. Akisahau nitamwambia tena, hata kama ni kwa kila kikombe cha chai.

Barua hii usiijibu. Jibu halitanikuta.

Mdogo wako